Daktari wa Kuku kwa Njia ya Simu: Nani Atajibu?

Yanapotajwa maendeleo ya mifugo katika nchi yetu, ng'ombe ndiye atajwaye kwanza, wakafuata mbuzi na kondoo, na kuku akaachwa mkiani, pengine akitajwa kwa mzaha tu. Mzaha huo hauna msingi. Sensa ya Kilimo ya mwaka 2019/20 ilihesabu kuku zaidi ya milioni 80 Tanzania, na hapana shaka kwamba katika nyumba nyingi za mashamba fedha ndogondogo zinazonunua chumvi, daftari la mtoto na nauli ya kwenda hospitali hutokana na mayai na majogoo. Leo tunawaomba wasomaji wetu wa visiwani, pamoja na wakuu wa serikali wanaoshughulikia mifugo katika pande zote mbili za Muungano, watazame mahali palipo mbali sana na bahari, yaani Olbalbal, katika Wilaya ya Ngorongoro. Tatizo la mfuga kuku wa huko ni lile lile la mfuga kuku wa Tumbatu, Kojani au Makoongwe: mtaalamu yuko mbali, na kuku hufa kabla hajafika. Aidha, wilaya hiyo ya wachungaji ni miongoni mwa zile zilizotangulia kutumia simu katika habari za maradhi ya wanyama, na lipo la kujifunza kutoka huko.

Olbalbal ni kata iliyomo ndani ya eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, kwenye uwanda wa chini, mahali ambapo maji ya korongo la Oldupai hukomea. Wakati wa mvua pana majimaji. Kiangazi pana vumbi. Wenyeji wake ni Wamaasai, watu ambao kwa jadi mali yao ni ng'ombe, mbuzi na kondoo, wala kuku hakuwa na heshima kubwa mbele yao. Lakini mambo yamebadilika. Tangu eneo hilo lilipotengwa kwa sheria mwaka 1959 ili watu, mifugo na wanyamapori wakae pamoja, masharti juu ya wakazi yamekuwa yakikazwa na kulegezwa. Kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa kwa kiasi mwaka 1992, kikapigwa marufuku tena mwaka 2009. Mwanamke asiyeruhusiwa kulima hata bustani ya mboga, na ambaye ng'ombe wa boma wako chini ya amri ya mume, hubakiwa na vitu vichache awezavyo kuviita vyake: shanga, maziwa, na siku hizi kuku. Kuku huyo hulishwa mahindi yaliyonunuliwa, kwa kuwa hapana shamba. Basi anapokufa, mwenyewe hupoteza kuku na hupoteza mahindi aliyokwisha kumlisha.

Tunajua kwamba tangu mwaka 2022 liko suala kubwa la wakazi wa Ngorongoro kuhamia Msomera, wilayani Handeni, na kwamba limezua maneno mengi. Hatuliingilii hapa. Kuku anayeugua leo hangojei suala hilo liishe, na mwenye kuku atamhitaji daktari awe Olbalbal au awe Msomera.

Makao makuu ya wilaya yako Loliondo, kaskazini, ng'ambo ya nyanda pana. Maabara ya mifugo ya kanda iko Arusha. Anayetaka maduka ya dawa ya mji wa Karatu sharti apande ukingo wa kreta, penye ukungu na baridi, kisha ateremke hadi lango la Loduare ndipo aikute lami. Nani atamtia kuku mmoja mgonjwa katika tenga na kumlipia safari inayozidi bei yake? Bwana Mifugo wa kata ana maelfu ya ng'ombe na mbuzi wa kuwaangalia, na hatumlaumu akimweka kuku mwisho wa orodha. Mkaazi wa Tumbatu ayajua haya bila kuelezwa. Kwake yeye ukingo wa kreta ni mkondo wa bahari ulio baina yake na Mkokotoni, na upepo ukikataa, hapana safari.

Katika maradhi yote ya kuku, unaoogopwa zaidi ni ugonjwa wa kideri, ambao wengine huuita mdondo. Ulitambuliwa mwaka 1926 huko Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza, mji uliokuja kuupa jina lake la kitaalamu. Na mwaka 1935 ulithibitishwa Kenya, karibu na Mombasa. Kwa hiyo pwani ya Afrika Mashariki imekaa nao kwa takriban miaka tisini. Kuku husinzia, hushusha mabawa, huhema kwa taabu, huhara kinyesi cha kijani, na wengine hupinda shingo hata wakatazama nyuma. Uingiapo katika kijiji ambacho kuku wake hawakuchanjwa, waweza kuwamaliza karibu wote kwa siku chache. Dawa ya kuutibu haipo. Iliyopo ni chanjo.

Na chanjo yenyewe inafaa sana kwa mahali kama Olbalbal. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walitayarisha chanjo iitwayo I-2 kwa ajili ya kuku wa vijijini. Sifa yake kubwa ni kwamba hustahimili joto kuliko chanjo nyingine, ikaweza kusafirishwa mahali pasipo na jokofu, mradi isianikwe juani. Tanzania ilianza kuitengeneza wenyewe katika maabara ya Temeke, na sasa kazi hiyo iko chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari. Hutolewa tone moja katika jicho la kuku, ikarudiwa kila baada ya miezi 3 hadi 4. Hata mtoto wa skuli aweza kufundishwa asubuhi moja akaitoa vizuri. Kilicho kigumu ni hesabu ya kichupa. Kichupa kimoja hutosha kuku mia na zaidi, na dawa ikishachanganywa haiwekeki. Mama mwenye kuku 9 ananunua dawa ya kuku 100, anatumia matone 9, nyingine anaimwaga. Akifanya hivyo mara moja, mara ya pili hanunui. Dawa ya tatizo hili ni majirani kupatana siku moja, wote wakawafungia kuku wao alfajiri kabla hawajatawanyika, na mtu mmoja akapita nyumba kwa nyumba na kichupa kimoja. Hilo lahitaji tarehe, na lahitaji mtu wa kuikumbusha. Hapa ndipo simu inapoanza kuwa na maana.

Ngorongoro ilikuja kwenye simu kwa njia ya misiba. Mwaka 2007 Homa ya Bonde la Ufa ilipolipuka nchini na kuua watu 144, wilaya hiyo ilikuwa miongoni mwa zile zilizoguswa mapema. Mwaka 2008 sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa rasmi kwa mara ya kwanza Tanzania, na ilikuwa katika wilaya hiyo hiyo. Ilikuwa dhahiri kwamba maradhi hutangulia, taarifa zikafuata zikichechemea. Wataalamu wa kituo cha SACIDS, kilichoko katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, wakaichagua Ngorongoro kuwa mojawapo ya mahali pa kujaribia uchunguzi wa maradhi kwa simu za mkononi. Kutokana na kazi hiyo ikapatikana programu waliyoiita AfyaData, ambayo maelezo ya majaribio yake yalichapishwa mwaka 2017. Mwananchi aliyefundishwa huingiza katika simu dalili alizoziona kwa mtu au kwa mnyama, pamoja na mahali na tarehe. Asipopata mtandao taarifa hungoja ndani ya simu, na mtandao ukipatikana husafiri hadi kwa wataalamu.

Hiyo ni kazi ya kusifiwa, tena imefanywa na wenyewe. Lakini kusudi lake la kwanza lilikuwa kuwafahamisha wakuu kwamba mlipuko umetokea, japo iliwekwa pia nafasi ya kurudisha majibu. Mwenye kuku anataka jambo jingine. Yeye anataka kujua afanye nini jioni hii, kabla kuku watatu waliobaki hawajalala. Serikali ikishajua na yeye asijue, mbele yake ni kama kwamba hapana aliyejua.

Je, daktari aliyeko Arusha, Morogoro au Maruhubi aweza kumsaidia kuku asiyemwona? Kwa mambo mengi, aweza. Ndui ya kuku huonekana kwenye kilemba na kuzunguka macho, na picha moja iliyopigwa kwenye mwanga wa kutosha humtosha mtaalamu mwenye uzoefu. Vifaranga wenye umri wa wiki chache wakihara damu, picha ya kinyesi na swali moja au mawili juu ya unyevu wa banda humwelekeza upesi. Utitiri hautaki hata picha: mwambie mwenye banda aende usiku na tochi, atazame nyufa za vichanja. Na mara nyingi taabu siyo ugonjwa hata kidogo. Vifaranga wanakufa kwa baridi, au wanakunywa maji ya chombo kisichooshwa, au kicheche amepata tundu. Muuliza maswali hodari huyajua haya kwa dakika tano: kuku wangapi, wamekufa wangapi, tangu lini, kinyesi cha rangi gani, walichanjwa lini, na je, wiki hii aliletwa kuku mgeni kutoka mnadani?

Swali hilo la mwisho lina uzito kuliko yote. Waonapo kuku wa kwanza amekufa, watu wengi hukimbilia kuwauza waliobaki ili waokoe chochote. Waliobaki hufungwa miguu, hutiwa katika tenga, hupandishwa gari au mashua, na ugonjwa hufika sokoni mapema asubuhi ukiwa mzima kabisa. Simu iliyojibiwa siku ya kwanza, ikamwambia mwenye kuku awatenge, asiuze, afukie mizoga na awaite majirani wenye kuku wazima, huenda isimwokoe kuku wake hata mmoja. Lakini yaweza kukiokoa kijiji cha pili. Kwa sababu hiyo haifai kuhesabiwa kuwa ni huduma ya mtu binafsi tu.

Pamoja na hayo, simu ina mpaka wake. Kideri, homa ya matumbo ya kuku na kipindupindu cha kuku hufanana, na wa kukata shauri ni maabara. Mwezi Januari mwaka 2017 mafua makali ya ndege yalithibitishwa Uganda, kandokando ya Ziwa Viktoria. Na mwezi Oktoba mwaka huo huo maofisa wetu waliwachoma moto vifaranga 6,400 walioingizwa kupitia Namanga, katika mkoa ule ule wa Arusha, kwa kuhofia maradhi hayo. Maziwa na madimbwi ya Ngorongoro hutembelewa kila mwaka na ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia. Vifo vya kuku vikitokea kwa ghafla pamoja na vifo vya ndege wa majini, mwananchi hatakiwi kuambiwa kwa simu ampasue kuku na kumtazama matumbo. Anatakiwa kuambiwa asiguse, na mtu aondoke ofisini siku hiyo hiyo aende. (Tulistaajabia wakati ule jinsi dola ilivyowahi kufika Namanga na kibiriti. Wepesi huo huo ungefaa kuonekana pia katika kupeleka vichupa.)

Kuna hatari nyingine iliyo karibu zaidi. Muuza duka la dawa naye ana simu. Mfugaji akipiga, jawabu rahisi kwake ni kuuza unga wa manjano, yaani viuavijasumu, uchanganywe katika maji ya kunywa. Kideri husababishwa na virusi, na unga huo hauvigusi. Fedha imepotea, kuku wamekufa, na masalio ya dawa yamekwenda katika mayai na nyama ya wale waliopona, ambayo sisi sote tunaila. Na vijidudu vingine vimejifunza kuishinda dawa ambayo kesho itahitajika kwa binadamu. Tiba ya mbali isiyokuwa na daktari aliyesajiliwa upande wa pili wa simu ni biashara tu.

Tufikie basi palipo na kasoro yenyewe. Ushauri kwa simu upo tayari, Bara na visiwani. Kila mfugaji mwenye bahati ana namba ya Bwana Mifugo mmoja, au ya kijana aliyehitimu Morogoro ambaye ni jamaa yake, na humpigia. Ofisa huyo hujibu kwa hisani. Hutumia vocha yake, hujibu akiwa njiani, akiwa mezani, akiwa msibani. Akihamishwa, namba huondoka naye, na watu wa kata nzima wanarudi kuwa yatima. Hapana daftari la maswali aliyoulizwa, hivyo wilaya haijui kwamba wiki ile ile watu kumi wa vijiji vitatu walimweleza habari za shingo zilizopinda. Na asipojibu hapana wa kumwuliza, maadam si kazi yake aliyoandikiwa. Ndiyo maana anayejulikana husaidiwa, na asiyejulikana, kama mama wa boma la mbali, hupiga mara mbili akanyamaza.

Sisi tunaona kwamba kujibu kuwe ni zamu, kama zamu ya mganga wa hospitali. Loliondo iwepo namba moja ya ofisi, isiyohama na mtu, na jina la aliye zamuni libandikwe katika mbao za matangazo za kata. Vocha yake itoke katika fungu la wilaya. Kila swali liandikwe, na mwisho wa wiki mkuu wa idara alisome daftari. Yale yanayomshinda ayapeleke Arusha. Hilo halihitaji mfadhili wala majengo. Lahitaji waraka wa ukurasa mmoja na kiasi cha fedha ambacho kingeonekana kidogo mbele ya gharama ya semina moja ya siku tatu.

Kwa upande wa visiwa, mifugo si jambo la Muungano, na kwa hiyo mzigo huo ni wa Wizara ya hapa kwetu na idara yake ya Maruhubi. Lakini elimu ya juu ni ya Muungano, na waliofikiria AfyaData wako katika chuo ambacho vijana wa Unguja na Pemba husoma udaktari wa mifugo. Hakuna sababu ya visiwa vidogo kungojea hadi ugonjwa mwingine mkubwa uje kutufundisha. Tena sisi tunayo nafuu ambayo Olbalbal haina. Kisiwa kina bandari chache, na tenga la kuku haliwezi kushuka bila ya kuonekana na mtu. Sheha akiwa na namba ya zamu, na nahodha akajua kwamba kuku wa kijiji fulani wametangazwa kuwa wagonjwa, mashua yaweza kukataa mzigo huo kabla haijang'oa nanga.

Kuna suala la lugha, ambalo wakuu hulipuuza. Mama wa Olbalbal husema Kimaa. Huenda Kiswahili chake ni cha sokoni tu, na kusoma hakujui. Mpango unaomtaka ajaze fomu katika simu umemwacha nje tangu siku ya kwanza. Aliye zamuni ajue Kimaa au awe na mwenzake akijuaye, na maneno yapokewe kwa sauti. Hata kwetu sisi wenye Kiswahili mambo si mepesi sana: mmoja asema kideri, mwingine mdondo, wa tatu asema kuku "wanasinzia" tu, na kusinzia kwaweza kuwa ugonjwa wowote. Wizara zote mbili zingefanya jambo la maana kutayarisha orodha moja ya majina hayo kama watu wanavyoyatamka, mtaalamu akawa nayo mezani.

Baraza la Veterinari, lililopo kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, nalo linaombwa litoe mwongozo wa Kiswahili ulio wazi: daktari aliyesajiliwa aruhusiwe kuagiza dawa gani kwa mnyama ambaye hakumgusa, dawa gani asiagize kabisa, na lawama iwe ya nani mambo yakiharibika. Vijana wengi wanaogopa kujibu kwa sababu hawajui wamesimama wapi kisheria, na wasioogopa si lazima kuwa ndio wajuao zaidi.

Mwezi Juni mwaka 2025 ilizinduliwa huko Bariadi kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, na chanjo ya kuku ikatangazwa kuwa ni bure. Tuliipokea kwa furaha. Lakini kuku hachanjwi mara moja kama ng'ombe anavyovalishwa hereni. Kinga ya tone lile hupungua baada ya miezi 3 au 4, na vifaranga walioanguliwa baada ya msafara kupita hawana kinga yoyote. Msafara ukifika Olbalbal mwezi mmoja na usirudi hadi mwaka unaofuata, sehemu kubwa ya mwaka kuku watakuwa wazi. Ofisa wa zamu, mwenye daftari linaloonyesha ni boma lipi lilichanjwa lini, ndiye awezaye kupiga simu mwezi wa tatu na kusema kwamba siku imefika, kichupa kitakuja na gari la Alhamisi, wafungieni kuku. Kwa mahali ambapo simu haishiki, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote uliundwa kwa ajili hiyo hasa, na maombi ya minara hupitia kwa viongozi hao hao wa wilaya ambao tunawaandikia leo.

Tunamwomba Mkurugenzi wa Halmashauri ya Ngorongoro, na wakuu wa Maruhubi, kila mmoja kwa upande wake, aandike katika makisio ya mwaka ujao wa fedha fungu la simu ya zamu, na kulipa jina lake wazi ili madiwani na Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi waweze kuuliza limetumikaje. Kabla ya hapo, namba ya ofisi na jina la aliye zamuni vyaweza kubandikwa wiki hii.